Kesho Yake Ulipika Nini? Hotuba Kuhusu Vipindi vya Mapishi vya Televisheni

Hotuba hii niliitoa Tanga, mbele ya wapishi, wanafunzi wa upishi na vijana wanaoandaa vipindi vya televisheni. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wageni, walimu wenzangu, mama lishe mliofunga vibanda mapema ili muwe nasi, na nyinyi vijana wa kamera mliojaa kule nyuma: Assalaam aleykum. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie vipindi vya mapishi. Swali nililopewa ni hili: je, vimepanda ubora au vimeshuka? Nitalijibu, lakini kabla sijalijibu naomba nami niulize. Nani wiki hii ametazama kipindi cha mapishi, kwenye televisheni au kwenye simu? Nyanyueni mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Shusheni. Sasa nani, kesho yake, aliingia jikoni akapika kile alichokiona?

Naona mikono michache. Mama mmoja hapa mbele, kijana mmoja karibu na mlango, na wale mabinti wawili wa chuo. Wengine mmetulia.

Ndugu zangu, nimefundisha sayansi kimu maisha yangu yote ya kazi, na kipimo changu cha kipindi cha mapishi ni hicho tu. Sijali taa zilikuwa nzuri kiasi gani. Sijali mpishi amevaa nini. Nauliza: kesho yake ulipika nini? Kwa kipimo hicho, nawaambieni waziwazi kwamba vipindi vimeongezeka, vimependeza, vimeingiza watu wa kila rangi na kila nchi, na hayo yote ni mema. Lakini kazi ya kufundisha imebaki nyuma. Na sisi wa hapa kwetu tumepungukiwa kuliko wengine, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 21 Januari 1937, huko London, Mfaransa mmoja aitwaye Marcel Boulestin alisimama mbele ya kamera za BBC na kuonyesha namna ya kupika kimanda. Televisheni yenyewe ilikuwa changa, waliokuwa na seti majumbani walikuwa wachache mno, na tayari mtu amekwisha kuvunja mayai mbele ya kamera. Baada ya vita, mwaka 1946, akaja Philip Harben. Uingereza wakati huo chakula kilikuwa cha mgao: siagi kwa mgao, nyama kwa mgao, mayai kwa mgao, na mgao huo haukwisha kabisa hadi 1954. Mtu anayefundisha mapishi kwa watu wenye mgao hana nafasi ya mbwembwe. Anajua kwamba anayemtazama ana yai moja, na likiharibika hana jingine.

Lakini mwanamke ninayetaka mumjue leo ni Lena Richard. Wangapi wamewahi kulisikia jina hilo? Hakuna. Basi sikilizeni.

Lena Richard alikuwa mpishi mweusi wa New Orleans, Marekani. Alifungua shule ya upishi kwa ajili ya wapishi weusi ili wajue thamani ya kazi yao na wadai malipo yanayolingana nayo. Mwaka 1939 alichapisha kitabu chake cha mapishi kwa fedha zake mwenyewe. Na mwaka 1949, katika jiji ambalo sheria zilimtenga mtu mweusi, jiji lenye mikahawa ambayo yeye mwenyewe asingeruhusiwa kuketi mezani, alisimama kwenye kituo cha WDSU na kufundisha mapishi, mara mbili kwa wiki. Akafariki mwaka 1950. Na kipindi chake hakuna anayeweza kukitazama leo, kwa kuwa hakuna kanda iliyobaki. Mkono wake uliokoroga sufuria zile, sauti yake ikieleza, vyote vimekwenda naye. Kilichosalia ni kitabu.

Vijana wa kamera, nawaombeni mliweke jambo hilo moyoni, nitalirudia baadaye. Mwalimu wa kiwango kile, na hakuna hata dakika moja iliyohifadhiwa.

Mwenzake aliyefuata alipata bahati ya kuhifadhiwa. Julia Child alianza kipindi chake kwenye kituo cha WGBH cha Boston tarehe 11 Februari 1963, akiwa na umri wa miaka 50. Mama mrefu, sauti ya juu, hana urembo wa kitelevisheni. Siku ile alipika nyama ya ng'ombe kwa mvinyo, mapishi ya Kifaransa. Kuhariri kanda kulikuwa ghali na kugumu, kwa hiyo walirekodi mfululizo kama vile wako hewani, na likitokea la kutokea linabaki humohumo. Na lilitokea. Siku moja alikuwa anageuza chapati ya viazi kwenye kikaangio. Akarusha, nusu ikamwagikia jikoni. Unadhani alifanya nini? Alikiokota kile kiazi, akakirudisha kwenye kikaangio, akakibanabana, huku akiwaeleza watazamaji kwamba amekosea kwa kuwa hakurusha kwa uthabiti, na kwamba ukiwa peke yako jikoni hakuna atakayekuona.

Jamani, hilo ni somo kamili! Mtazamaji ameona kosa, amejua sababu yake, ameona linavyorekebishwa, na amepata moyo. Leo kipande kile kingekatwa kabla hakijatoka chumba cha kuhariri. Tungeonyeshwa chapati ya tano, ile iliyotoka nzuri, ikigeuka hewani taratibu na muziki chini yake. Tungepiga makofi. Na kesho yake tusingepika kitu.

Mnataka ushahidi kwamba kufundisha kunafanya kazi? Uingereza tena, mwaka 1998. Delia Smith, mwalimu aliyekwisha kujulikana nchi nzima, alianza mfululizo mpya kwa kufundisha kuchemsha yai. Wapo waliomkejeli. Wapishi wakubwa walisema anawadharau watazamaji, kwani nani asiyejua kuchemsha yai? Lakini mauzo ya mayai nchini yakapanda. Watu hawakununua mayai kwa sababu Delia alikuwa mcheshi, wala hakuwa mcheshi. Walinunua kwa sababu alieleza dakika ngapi, maji kiasi gani, na yai likiwa la baridi hufanyaje. Na miaka 16 kabla yake, mwaka 1982, Madhur Jaffrey, mwigizaji mzaliwa wa Delhi, aliwafundisha Waingereza mapishi ya Kihindi kupitia BBC, na hadi leo husimuliwa kwamba baada ya kipindi kimoja majani ya giligilani yaliwaishia wauza mboga wa Manchester. Huyo naye mtihani wangu amefaulu.

Sasa kilitokea nini? Mbona tulihama hapo?

Mwaka 1993 ndio mwaka wa kuukumbuka. Oktoba ile, huko Japani, Fuji Television ilianzisha kipindi cha Iron Chef. Wapishi wawili, ukumbi kama uwanja wa ngumi, kiungo kimoja kinafichuliwa mbele yao, na saa moja ya kupika. Mwezi uliofuata, huko Marekani, chaneli nzima ya chakula, Food Network, ikaingia hewani. Uingereza walikuwa na shindano la MasterChef tangu 1990, kwa utaratibu wa upole zaidi. Kutoka hapo mashindano yakashika hatamu. Mwaka 2010 huko Australia, mdahalo wa viongozi waliokuwa wanagombea uwaziri mkuu, Julia Gillard na Tony Abbott, ulisogezwa ufanyike mapema zaidi ili usigongane na fainali ya MasterChef. Nasema tena: mdahalo wa uchaguzi mkuu ulipisha sufuria.

Sababu yake ni fedha, na sioni haya kuisema. Kipindi cha kufundisha, mtu akishaelewa anaweza kunyanyuka akaenda jikoni. Kipindi cha mashindano humgandisha mtu kwenye kiti kupita matangazo yote ya biashara, maana anataka kujua nani katolewa. Na muundo wa mashindano unauzika: unaununua, unaweka majaji wa kwenu, unaanza. Kipindi cha kuoka cha Waingereza, The Great British Bake Off, kilianza mwaka 2010 ndani ya hema, na watu wakipakana unga. Ilipofika 2016 Channel 4 ilikichukua kutoka BBC, na taarifa za wakati huo zilitaja pauni milioni 75 kwa miaka 3. Keki!

Nisiwe mkali kupita kiasi. Hema lile lilimtoa Nadiya Hussain, mama wa watoto watatu, wazazi wake wametoka Bangladesh, na hijabu yake kichwani. Aliposhinda mwaka 2015 walimtazama zaidi ya watu milioni 13, na mwaka uliofuata yeye ndiye aliyeoka keki ya Malkia Elizabeth ya kutimiza miaka 90. Kuna mabinti waliomwona siku ile wakajua kwamba meza ile ni yao pia. Lena Richard hakuipata nafasi hiyo mbele ya taifa zima. Kwa hiyo mtu akiniambia zamani kulikuwa kuzuri kwa kila kitu, nakataa. Upana wa nyuso tulionao leo ni faida kubwa, na mashindano yana sehemu yake katika kuuleta.

Lakini mashindano yana jaji. Na hapa, ndugu zangu, naomba masikio yenu yote, hasa nyinyi mnaotaka kuleta mashindano ya upishi hapa nchini.

Mwaka 2018, kwenye MasterChef ya Uingereza, alisimama mama mmoja mzaliwa wa Malaysia. Alipika nasi lemak, ambao ni wali wa nazi, kama wali wetu. Pembeni akaweka kuku wa rendang. Rendang ni nini? Ni nyama au kuku anayepikwa kwa tui la nazi pamoja na viungo, mchaichai ukiwemo, kwa moto wa taratibu na kwa muda mrefu, mpaka tui likaukie kwenye nyama. Mama kafanya hivyo hasa. Jaji mmoja, Gregg Wallace, akaonja, akasema ngozi ya kuku si kavu, hailiki. Mama akatolewa.

Wapwani wenzangu, hebu niambieni. Kuku aliyechemka ndani ya tui, ngozi yake itakauka vipi? Kwa njia gani? Kuna mtu yeyote humu ndani, awe bibi wa miaka 80 au binti wa miaka 15, angesema vile?

Malaysia ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi mkuu, siasa imechemka. Waziri mkuu wa wakati huo, Najib Razak, na mpinzani wake Mahathir Mohamad, watu ambao hawakukubaliana kwa lolote, wote wawili walijitokeza mitandaoni kuitetea rendang. Waindonesia wakaja, Wasingapore wakaja. Lakini mama alikuwa ameshatolewa. Jaji alikuwa na kipimo kimoja cha kuku mzuri, naye alikuwa amekipata kwenye kuku wa kukaanga na wa kuoka.

Siku tutakapoweka mashindano yetu, na majaji tukawachukua kwa sababu wamesomea hoteli za nje, nani atakayemtetea bibi wa Pangani aliyeleta mchuzi wa pweza? Nani atajua kwamba ukoko wa wali uliopaliwa moto juu na chini umekusudiwa, na kwamba watoto hugombania? Jaji asiyejua atasema umeunguza.

Sasa nije nyumbani, maana ndiko nilikokuwa nikielekea.

Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kenya walianza 1962. Lakini sisi wa Tanzania Bara televisheni imetufikia mwaka 1994. Linganisheni tarehe. Iron Chef na Food Network, 1993. Sisi, 1994. Maana yake tumeingia ukumbini wakati mwalimu anatoka na refa anaingia. Ile miaka 30 na zaidi ya Waingereza na Wamarekani kufundishwa mpaka mtu akachoka, sisi wa Bara hatukuipata. Hatukuwa na Julia Child wetu wala Delia wetu. Na ndiyo sababu nikasema tumepungukiwa kuliko wengine: wenzetu wameliacha darasa baada ya kulipata, sisi hatujaliona kabisa.

Tulichokipata ni nini? Mnakijua. Mpishi analetwa kwenye kipindi cha asubuhi, anapewa dakika chache katikati ya mahojiano ya msanii na taarifa za michezo. Viungo vimeshakatwa, vimo kwenye vibakuli. Mtangazaji anamkatiza kumuuliza kuhusu ndoa yake. Mdhamini ana kiungo chake cha pakiti, basi pilau kitiwe, mchicha kitiwe, hata mchuzi wa samaki ambao ndimu na chumvi zingeutosha nao utiwe. Chumvi "kiasi". Mafuta "kiasi". Moto "wa wastani". Halafu kengele, chakula kingine kilichopikwa nyumbani kinatolewa chini ya meza, na mtangazaji anaonja na kusema mmh, tamu.

Nikiwa na mwanafunzi mmoja, binti aliyekulia Dodoma, akaolewa huku pwani, nililiona tatizo lote ndani ya sufuria moja. Alitaka kumpikia mkwewe samaki wa nazi. Akatazama video kwenye simu. Kwenye video mkono unamimina tui, picha inakatwa, na picha inayofuata ni mchuzi mzito, umeng'aa, umenyunyiziwa majani ya giligilani. Yeye naye akamimina, akafunika, akaenda kuosha vyombo. Aliporudi tui limekatika, maji chini, madonge juu. Akaja kwangu, "Mwalimu, nilifanya vilevile."

Alifanya vilevile, kweli kabisa. Alichohitaji kilikuwa ndani ya ule mkato. Tui jepesi ndilo linalotangulia, samaki aive nalo. Tui zito linafuata mwishoni, moto umepunguzwa, na hapo huondoki wala hufuniki. Unachukua upawa, unachota, unamimina, unachota, unamimina, bila kusimama, mpaka lichemke pole. Unaona rangi inabadilika, povu la pembeni linapotea, mafuta yanaanza kuchungulia. Ni dakika chache, lakini ndizo zinazoamua. Na ndizo zilizokatwa, kwa kuwa mhariri aliona hakuna kinachotokea.

Hakuna kinachotokea! Kijana, kila kitu kilikuwa kinatokea pale.

Mifano mizuri ipo, tena jirani. Kenya, mwaka 2017, walitoa kipindi cha Shamba Chef, kilichoingia kwenye majiko ya watu wa kawaida vijijini na kuzungumzia lishe na majiko yanayopunguza moshi. Wazo ni zuri: nenda kwenye jiko la mtu, anza na alichonacho. Na India, bibi aitwaye Mastanamma, aliyesemekana kuvuka miaka 100, alirekodiwa na kitukuu wake akipika nje, kuni na mafiga, anamenya tangawizi kwa kucha zake. Mpaka anafariki mwaka 2018 alikuwa na wafuatiliaji zaidi ya milioni moja. Hakukuwa na studio wala jaji. Kulikuwa na kitukuu mwenye kamera aliyeona kwamba mikono ile ina thamani.

Bibi zenu wako wapi, nyinyi vijana wa kamera? Nani ameshawarekodi? Yule anayejua kuumua unga wa mkate wa kumimina kwa kuunusa tu, anayegeuza sufuria uso ukaelekea mkaa na mkate usidondoke, mmemwekea kamera? Nimewaambieni habari ya Lena Richard. Yeye walikosa kanda, nyinyi mna kamera mfukoni.

Mkienda, nendeni na mizani. Bibi akisema "kiasi", mwacheni atie kwa mkono wake, lakini pimeni kabla na baada, muandike gramu. Wekeni kamera juu ya sufuria na muiache. Tui likichemka, lichemke lote. Kikiharibika kitu, msikate, muulizeni bibi kwa nini kimeharibika na anakirekebishaje. Na mdhamini akitaka kiungo chake kionekane, kionekane kwenye chakula kinachokihitaji.

Naona hapa mbele wapo wakubwa wawili wa vituo vya televisheni. Karibuni sana, na ombi langu ni kwenu. Sisi walimu wa sayansi kimu wa mkoa huu tumekaa, tumeandika orodha ya vipindi 12 vya kuanzia. Cha kwanza ni tui, kuanzia kukuna nazi mpaka mchuzi kuwa tayari. Cha pili ni wali. Cha tatu ni maharage, kwa kuwa ndiyo yanayopikwa kila siku na wengi hawajafundishwa kuyaloweka. Wapishi tumeshawapata, na mama lishe watatu walioketi hapa wamekubali. Tunachoomba ni nusu saa moja kwa wiki, jioni, wakati watu wako nyumbani, bila jaji na bila saa ya kuhesabu kurudi nyuma. Orodha ninayo hapa, nitawakabidhi nikishuka.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.